Kuchora kwa kutazama makumbusho: mwongozo kwa anayeanza Arusha

Mwambie mtu achore fuvu bila kumwonyesha fuvu lolote. Atachora duara, matundu mawili ya macho, pembetatu ya pua na safu ya meno. Msimamishe mbele ya fuvu lenyewe, na mara nyingi atachora vilevile, kwa sababu mkono wake unafuata picha iliyo kichwani. Kuchora kwa kutazama ni kuuzoesha mkono kufuata jicho. Makumbusho yanafaa sana kwa zoezi hili: vitu vimetulia, unaweza kuvirudia wiki ijayo ukavikuta palepale, na vingi vina umbo ambalo hujalizoea, hivyo kichwa hakina picha ya tayari ya kukupotosha.

Mjini Arusha pa kuanzia ni Makumbusho ya Elimu Viumbe, ndani ya Boma la Wajerumani lililokamilika mwaka 1900. Ukipanda Barabara ya Boma kutoka Mnara wa Saa, linakukabili mwisho wa barabara. Humo kuna sehemu ya chimbuko la binadamu na sehemu ya wadudu, na zote mbili ni hazina kwa mchoraji. Makumbusho ya Azimio la Arusha, Barabara ya Makongoro, yapo katika jengo ambamo TANU ilikutana Januari 1967 na kupitisha Azimio. Yanastahili kutembelewa, ila kwa zoezi hili hayafai sana, maana sehemu kubwa ya yanayoonyeshwa ni picha za ukutani. Picha imeshageuzwa bapa na kamera, na kazi ngumu ya kugeuza kitu chenye kina kuwa mistari imeshafanywa kwa niaba yako. Ukiwa pale, toka nje ukachore Mnara wa Mwenge uliopo jirani.

Getini

Usianze kuchora kimyakimya. Salimia, lipa kiingilio (mwanafunzi abebe kitambulisho), kisha eleza: "Habari za kazi. Nimekuja kuchora kwa penseli, nitakuwepo kwa muda wa saa mbili hivi. Kuna sehemu isiyoruhusiwa?" Kama anayekupokea ni mtu mzima kwako, anza na shikamoo. Mhudumu akishajua unachofanya hatakusogeza kila dakika kumi, na mara nyingi atakuonyesha kitu ambacho ungekipita. Kikundi cha watu zaidi ya wanne au watano kiandike barua ofisini siku kadhaa kabla.

Penseli pekee. Wino ukidondoka hautoki, mkaa unaacha vumbi linaloingia kwenye mianya ya makabati, na rangi ya maji inaweza kumwagika. Usiegemee kioo wala usikitumie kama meza. Simama ukiacha njia, kwa sababu kundi la wanafunzi arobaini likiingia halina pa kukukwepa. Siku za shule, jitahidi kufika mchana baada ya saa nane.

Vitu vya kubeba

Duka lolote la steshenari lina karibu kila kitu: penseli mbili za HB, moja ya 2B, moja ya 4B (namba ya B ikipanda, penseli ni laini na nyeusi zaidi), na raba nyeupe laini. Acha raba ya waridi iliyo kwenye mkia wa penseli. Ikikauka inakwaruza karatasi na kuacha doa. 6B nayo iache, inachafua mkono na mchoro kabla hujamaliza. Chukua kichongeo chenye kikasha, ili unga na maganda visidondoke sakafuni. Wembe ubaki nyumbani. Ukipenda ncha ndefu, chonga usiku uliotangulia, risasi itokeze kama sentimita 1, halafu funika ncha kwa karatasi iliyokunjwa zisivunjike ndani ya mkoba.

Karatasi ya fotokopi ya gramu 80 inatosha kwa michoro ya haraka, lakini ukifuta mara tatu mahali pamoja inaanza kutoa nyuzi na penseli haishiki tena. Kwa mchoro mmoja wa muda mrefu tafuta ya gramu 120 au zaidi, ukubwa wa A4. Ibane kwenye kipande cha plaiwudi nyembamba cha sentimita 30 kwa 40 kwa vibanio viwili. Daftari linalopinda katikati litakuangusha, maana utakuwa umesimama bila meza.

Beba pia uzi wa sentimita 40 uliofungwa nati mwishoni. Ni timazi ileile ya fundi wa kujenga, na utaona kazi yake hivi punde. Rula huihitaji.

Vaa nguo ya rangi iliyokolea. Shati jeupe linajirudisha kwenye kioo cha kabati, na utajikuta unachora fuvu lenye kifua chako katikati.

Kuchagua kitu na mahali pa kusimama

Dakika kumi za kwanza usichore. Zunguka, kisha chagua kitu kimoja ambacho kioo chake hakina mng'ao mkali, chenye mwanga kutoka upande mmoja, na ambacho unaweza kukisimamia kwa saa moja bila kumzuia mtu. Kitu kizuri chenye mng'ao wa taa usoni kitakuchosha. Chagua cha pili yake.

Simama umbali wa takriban mara tatu ya upande mrefu wa kitu. Fuvu la sentimita 25 lichorwe kutoka sentimita 75 hivi. Ukisogea karibu zaidi, jicho haliwezi kulipokea lote kwa mara moja. Unalazimika kuinua na kushusha kichwa, na kila unapokisogeza unaona fuvu tofauti kidogo. Ukishasimama, tazama miguu yako iko kwenye kigae kipi au ufa upi wa sakafu na uukumbuke. Kwa kitu kilicho mita 1 mbele yako, ukihama sentimita 10 tu kando, umekizunguka kwa karibu nyuzi 6. Hiyo inatosha kufanya tundu moja la jicho lionekane jembamba kuliko ulivyolichora. Michoro mingi inayoharibika katikati haikuharibiwa na mkono. Mchoraji alihamisha uzito kutoka mguu wa kulia kwenda wa kushoto.

Ubao uushike umesimama, ukikukabili kama kitu kinavyokukabili. Ukiulaza kwenye mkono kama sinia, sehemu ya juu ya karatasi inakuwa mbali na jicho kuliko ya chini, na utaivuta bila kujua. Mchoro utaonekana sawa wakati unachora, lakini ukiuning'iniza ukutani utakuta kichwa kimerefuka.

Kupima kwa penseli

Nyoosha mkono mpaka kiwiko kifunge kabisa. Fumba jicho moja, na liwe lilelile siku nzima. Simamisha penseli wima, ncha yake iguse juu kabisa ya kitu, kisha teremsha ukucha wa kidole gumba mpaka uguse chini kabisa. Huo ndio urefu. Sasa igeuze penseli ilale, uone urefu huo unaingia mara ngapi kwenye upana.

Kiwiko ndipo wengi wanapokosea. Penseli ikiwa sentimita 60 kutoka jichoni inakupa kipimo fulani, tuseme sentimita 12. Mkono ukilegea, penseli ikarudi hadi sentimita 55, kitu kilekile kinasoma sentimita 11. Umepima urefu mkono ukiwa umenyooka na upana ukiwa umelegea, halafu unashangaa kwa nini uwiano haukubali.

Usihamishie karatasini sentimita ulizozisoma kwenye penseli. Unachochukua ni uwiano. Amua kwanza mchoro utakuwa na urefu gani, weka alama ya juu na ya chini, kisha tafuta upana kwa uwiano ulioupata na uweke alama za kushoto na kulia. Alama hizo nne ziwepo kabla ya mstari mwingine wowote, kwa sababu bila hizo utaanza na jicho, utalipenda, na kidevu kitakosa nafasi.

Kwa vipimo vya ndani chagua kizio kimoja, yaani sehemu ya kitu utakayopimia nyingine, cha ukubwa wa kati. Kizio kidogo mno huzidisha kosa: ukikosea milimita 1 kwenye kitu kinachoingia mara 8, mwisho wa safari umekosea milimita 8.

Mishazari ina njia yake. Laza penseli hewani juu ya mshazari unaouona, ukiishika kana kwamba kuna kioo kati yako na kitu na penseli inateleza juu ya kioo hicho. Usiichomeke mbele kuelekea ndani. Kisha ishushe hadi kwenye karatasi bila kuzungusha kiganja. Inasaidia pia kuisoma kama mshale kwenye uso wa saa ya ukutani: unaelekea namba 1, namba 2, au katikati yake?

Timazi inajibu swali moja tu, lakini kwa uhakika: nini kiko wima chini ya nini? Ning'iniza uzi mbele ya jicho upite kwenye kona ya nje ya tundu la jicho, na uone unaangukia gego la ngapi. Fanya hivyo mara tatu au nne kabla ya kuongeza maelezo madogo. Kosa la uwima likigundulika mapema ni mistari miwili ya kufuta. Likigundulika baada ya kutia kivuli, ni karatasi nzima.

Fuvu la Zinj, hatua kwa hatua

Tuchukue nakala ya fuvu la Zinjanthropus, au Zinj kwa kifupi, jamaa wa kale wa binadamu. Mwanaakiolojia Mary Leakey alilipata Olduvai tarehe 17 Julai 1959. Lina umri wa takriban miaka milioni 1.75, na la asili linahifadhiwa Dar es Salaam. Kwa mchoraji nakala nzuri inafaa vilevile, maana umbo ni lilelile. Ni somo bora kwa sababu linakataa kila kitu ulichozoea kuhusu uso wa mtu. Paji la uso karibu halipo. Juu ya utosi kuna ukingo wa mfupa unaokwenda mbele na nyuma. Mifupa ya mashavu imetanuka nje na kuja mbele hata kuipita pua, hivyo uso mzima umebonyea kama sahani. Meno ya mbele ni madogo, magego ni makubwa mno.

Sababu ya maumbo hayo ni kutafuna. Misuli mikubwa ya taya ilijishikiza kwenye ule ukingo wa utosi, ikateremka ndani ya mfupa wa shavu mpaka kwenye taya la chini. Kwa hiyo kati ya upinde wa shavu na boksi la ubongo kuna uwazi mkubwa ambamo misuli ilipita. Ukijua hivyo, unajua pa kutazama.

Simama mahali unapoliona kwa mshazari, kati ya mbele na ubavu, jicho lako likiwa juu kidogo ya fuvu. Baada ya alama nne, lizungushie mistari iliyonyooka, minane hadi kumi na miwili, bila mkunjo hata mmoja, kwa HB iliyoshikwa kwa ulegevu karibu na mkia. Mkunjo ukianza mapema unadanganya, kwa sababu unapendeza hata ukiwa mahali pasipo sahihi. Mstari ulionyooka ukiwa umekosea unajionyesha.

Piga mstari wa katikati: kutoka kwenye ukingo wa utosi, kati ya matundu ya macho, katikati ya tundu la pua, hadi kati ya meno mawili ya mbele. Kwa mtazamo wa mshazari mstari huu si wima wala haugawi fuvu nusu kwa nusu. Upande ulio mbali nawe ni mwembamba zaidi. Hapa ndipo kichwa kinapigana na jicho kwa nguvu zaidi. Kichwa kinajua kwamba matundu ya macho yanalingana, kinataka kuyachora sawa. Pima upana wa kila moja kwa penseli, na uamini penseli.

Sasa acha mifupa, chora uwazi. Ule uwazi nyuma ya upinde wa shavu una umbo lake: pana hapa, jembamba pale, kona ngapi? Uchore kana kwamba ni kipande cha karatasi nyeusi kilichobandikwa. Uwazi hauna jina linalofahamika, kichwa hakina picha yake, na mkono unabaki bila la kufanya isipokuwa kufuata jicho. Ukiuchora vizuri, upinde wa shavu utajitokeza wenyewe pande zote mbili. Fanya hivyo pia kwenye matundu ya macho na ya pua: fuata kingo za giza, usichore "jicho".

Meno yasichorwe moja moja mwanzoni. Chora safu nzima kama ukanda mmoja uliopinda, halafu weka mipaka ya magego, ukihakikisha yanavyozidi kusogea ubavuni yanabadilika upana. Kama nakala ina taya la chini, itazame tofauti: fuvu la 1959 lilipatikana bila taya hilo. Taya la chini la mwingine wa jamii hiyohiyo ya Zinj lilipatikana Peninj, magharibi mwa Ziwa Natron, mwaka 1964. Kwa hiyo mahali meno ya juu na ya chini yanapokutana pachore kama vitu viwili vilivyowekwa pamoja, vyenye mshono kati yake.

Mchoro wa dakika 90 ukitumia dakika 25 au 30 kwenye mistari iliyonyooka na uwiano, hujapoteza muda.

Mwanga na kivuli

Finya macho mpaka maelezo madogo yapotee na zibaki sehemu kubwa za mwanga na giza. Anza na daraja tatu tu: weupe wa karatasi, kivuli cha kati kwa 2B, na giza zito kwa 4B ndani ya matundu. Zungushia mipaka ya kivuli kwa mstari hafifu kwanza, kama unavyozungushia nchi kwenye ramani, kisha ujaze kwa mistari ya upande mmoja. Usisugue kwa kidole. Mafuta ya ngozi yanaifanya penseli ing'ae na haifutiki tena. Weka kipande cha karatasi safi chini ya kiganja.

Mwanga wa dirishani unatembea. Jua husogea nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo baada ya dakika 40 kivuli kimeshahama. Weka mipaka ya vivuli vyote ndani ya dakika kumi za mwanzo na ushikamane nayo, hata kitu kikibadilika mbele yako. Juni hadi Agosti, mawingu ya Arusha yanaleta mwanga tulivu ambao haubadiliki sana, japo vivuli vyake ni laini na vigumu kwa anayeanza. Kabati lenye taa yake ya juu ni rahisi zaidi.

Vitu vilivyobonyea vina mtego wake. Chukua nakala ya nyayo za Laetoli, zile za miaka takriban milioni 3.6 ambazo jamaa wa kale wa binadamu waliziacha kwenye majivu ya volkano. Nakala yake ipo pia makumbusho ya Olduvai. Wengi wakizichora, shimo linageuka kuwa uvimbe, na mtazamaji anaona kama mkate umewekwa juu ya karatasi. Kosa liko kwenye upande wa kivuli. Mwanga ukitoka juu kushoto, kitu kilichovimba kina kivuli kulia chini. Shimo ni kinyume chake: giza linakaa ndani ya ukuta wa juu kushoto, ule ulio karibu na mwanga, na ukuta wa kulia chini unang'aa. Geuza mchoro juu chini. Kama shimo limekuwa uvimbe na uvimbe shimo, basi vivuli vyako angalau vinakubaliana. Mtazamaji hudhani mwanga unatoka juu, kwa hiyo ikiwa kabati linamulikwa kutoka chini, ni halali kuhama upande ili mwanga uje kutoka juu ya karatasi yako. Tazama pia kisigino kilivyozama, na kidole gumba kilivyokaa sambamba na vingine badala ya kutengana navyo kama cha sokwe.

Wadudu ni zoezi la haraka. Piga mstari wa katikati wima, weka nusu ya kushoto, hamishia kila kipimo kulia. Halafu tafuta mahali ambapo mdudu huyu halisi halingani: bawa limechanika, mguu mmoja umekunjwa. Chora hivyo hivyo alivyo.

Simu

Usichore kutoka kwenye picha ya simu ukiwa mita moja kutoka kwenye kitu chenyewe. Lenzi ya simu ikisogezwa karibu inavimbisha kilicho mbele, hivyo pua na meno yanakuwa makubwa na kisogo kinanywea. Simu ina kazi nyingine nzuri: piga picha ya mchoro wako, igeuze kama kwenye kioo, na makosa ya ulinganifu yatajitokeza mara moja, maana jicho lako lilikuwa limeyazoea. Zima mwanga wa kamera kabla hujaingia.

Kabla ya kuondoka

Simamisha mchoro sakafuni mbele ya kabati au umwombe mtu akushikie, rudi nyuma hatua tano, tazama kitu na mchoro kwa pamoja. Chagua makosa matatu makubwa na uyaandike pembeni kwa maneno: "shavu la kulia limepanda", "ukingo wa utosi mfupi mno". Usiyasahihishe siku hiyo kama umeshachoka. Baada ya saa moja na nusu ya kusimama, mkono unaanza tena kuchora picha ya kichwani. Andika nyuma tarehe, jina la kitu kama lilivyo kwenye kibandiko, na mahali uliposimama.

Usiku huo, bila kutazama mchoro, chora kitu kilekile kwa kukumbuka, dakika kumi tu. Mahali utakapokwama, kwa mfano hukumbuki upinde wa shavu unaungana na fuvu wapi, ndipo ambapo hukutazama. Weka alama ya duara hapo, na wiki ijayo anza na sehemu hiyo, ukiwa umesimama kwenye kigae kilekile.